Kumtafuta baba wa mzee aliyezaliwa nje ya ndoa England na Wales: mwongozo kamili wa ubatizo, vyeti na karatasi za matunzo

Ukifuata ukoo wa Kiingereza kurudi nyuma, mapema au baadaye utakutana na cheti cha kuzaliwa chenye kistari mahali pa jina la baba, au ubatizo unaomtaja mama peke yake. Watafiti wengi huandika "baba hajulikani" na kufunga daftari. Wengine huendelea, ila wanaendelea kugonga mlango uleule: wanaagiza cheti cha pili, wanatafuta nakala nyingine ya ubatizo, wakitumaini jina limejificha humo. Mara chache limo. Kasisi aliyebatiza na msajili aliyesajili hawakuwa na shida na baba. Aliyekuwa na shida naye ni yule ambaye angelipia uji wa mtoto baba asipopatikana: kwanza parokia, na baadaye mama mwenyewe, sheria ilipompa nafasi ya kushtaki. Kwa hiyo ubatizo na cheti vichukulie kama vitu vya kukupa tarehe, mahali na jina kamili la mama. Ukishakuwa navyo hivyo vitatu, baba unakwenda kumtafuta kwenye karatasi za pesa.

Yote yanayofuata ni ya England na Wales, tangu karne ya 18 hadi miaka ya 1920. Scotland ina taratibu zake, tumeigusa karibu na mwisho.

Kwanza hakikisha kweli ni mtoto wa nje ya ndoa

Inaonekana ni jambo la wazi, lakini makosa mengi huanzia hapa. Cheti chenye majina ya wazazi wawili hakithibitishi ndoa, kwa sababu msajili hakudai cheti cha ndoa. Watu walioishi pamoja bila kuoana walijitaja mume na mke, akaandika. Kinyume chake, mwanamke aliyeolewa akazaa na mtu mwingine, sheria ilimhesabu mumewe kuwa baba, na jina la mume ndilo linaloandikwa hata kama alikuwa baharini miaka miwili. Kabla ya kuanza msako, tafuta ndoa ya mama kuanzia miaka mitano kabla ya kuzaliwa mtoto hadi mitano baada. Ukiikosa kabla na ukaikuta baada, una mtoto wa nje ya ndoa na una mtuhumiwa wa kwanza: mwanamume aliyemwoa mama baadaye. Mtuhumiwa tu, tutamrudia.

Hatua ya 1: Soma ubatizo wenyewe, usisome faharasa

Parokia za Kanisa la England zilianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538. Leo vitabu vingi vipo kwenye ofisi za nyaraka za kaunti, na picha zake zipo kwenye tovuti za ukoo, baadhi bila malipo kupitia FamilySearch. Anayetengeneza faharasa huchukua jina la mtoto, la mzazi na tarehe. Huacha pembeni ya ukurasa, na pembeni ndipo kasisi alipoandika mambo. Fungua picha kila mara.

Kabla ya 1813 kasisi aliandika alivyotaka. Baadhi ya maingizo ni mstari mmoja, mengine yana habari nzima ya kijiji. Maneno ya kutafuta kwa Kiingereza ni "base born", "bastard", "illegitimate", "natural", au herufi B peke yake. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kilatini, ambavyo vinapungua sana baada ya 1733, vina "spurius", "nothus", "filius populi" yaani mwana wa watu, na "filius nullius", mwana wa asiye mtu. Kwa sikio la leo ni matusi. Kwao ilikuwa lugha ya sheria, na kwako wewe ni alama ya njia. Neno la kukufurahisha zaidi ni "reputed": "reputed son of" fulani maana yake kasisi anamtaja mtu anayesemekana kuwa baba. Kumbuka hilo ni neno la kijiji, kiapo bado.

Kuanzia 1 Januari 1813 sheria iliyoitwa kwa jina la George Rose ilileta fomu zilizochapishwa, maingizo manane kwa ukurasa. Safu zake ni tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi, na aliyebatiza. Mama asiyeolewa anatambulika kwa jambo moja: kwenye safu ya kazi, ambako ungetarajia "labourer" au "weaver" ya baba, utakuta "single woman" au "spinster". Safu ya wazazi itakuwa na jina lake tu. Makasisi wengine, kwa kuwa fomu haikuwapa nafasi, walibana jina la baba kwa maandishi madogo juu ya la mama au pembeni. Kuza picha.

Kuna mambo matatu yanayoharibu hatua hii. La kwanza ni tarehe. Ubatizo haukuwa siku ya kuzaliwa, na mtoto angeweza kubatizwa akiwa na wiki tatu au miaka sita, pengine pamoja na wadogo zake waliozaliwa ndani ya ndoa. Ukihesabu mimba kutoka tarehe ya ubatizo utamtafuta baba katika mwaka usio wake. La pili ni kalenda: kabla ya 1752 mwaka wa England ulianza 25 Machi, kwa hiyo ubatizo wa Februari 1740 kwenye kitabu ni Februari 1741 kwa hesabu yetu. La tatu ni dhehebu. Wamethodisti, Wabaptisti na Wakatoliki walikuwa na vitabu vyao, na vya wasio Waanglikana vingi vilivyokusanywa baada ya 1837 vipo The National Archives, hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, katika kundi RG 4.

Kisha tafuta nakala ya askofu. Kuanzia 1598 kila parokia ilitakiwa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu. Wengi hufikiri ni kitu kilekile na hupita. Mwandishi wa nakala alipunguza, mara nyingine aliongeza, na pale kitabu kilipokuwa kimeandikwa kisha kikafutwa, nakala inaweza kuwa ilikwenda kabla ya kufutwa. Linganisha mistari miwili hiyo, ni kazi ya dakika tano.

Ukoo wako ukiwa Yorkshire kati ya miaka ya 1770 na 1812, au Durham kati ya 1798 na 1812, una bahati. Huko baadhi ya makasisi walitumia fomu pana zilizotaja hadi babu na bibi wa mtoto, na mama asiyeolewa aliandikwa binti wa nani, wa wapi. Baba hata asipotajwa, hutamchanganya mama na wenzake wenye jina lake.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa, safu kwa safu

Usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837. Kabla hujaagiza chochote, tumia faharasa ya mtandaoni ya General Register Office, ofisi kuu ya usajili, ile inayoonyesha jina la ukoo la mama hata kwa miaka ya mwanzo. Mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida ana kistari kwenye nafasi hiyo. Faharasa za zamani za robo mwaka, unazozikuta kwenye tovuti ya FreeBMD, zilianza kuonyesha jina la ukoo la mama kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Humo, jina la mama likifanana na la mtoto, shuku, ingawa binamu wenye jina moja waliooana nao huonekana hivyohivyo.

Sasa cheti. Tuchukue mfano wa kubuni, wa mwaka 1862, katika mji wa viwanda vya pamba. Safu ya 1, tarehe na mahali pa kuzaliwa, ina anwani ya nyumba kamili. Safu ya 2, jina: James Ashworth. Safu ya 4, jina la baba: kistari. Safu ya 5, mama: Mary Holt, na chini yake kazi yake, mfumaji. Safu ya 6, kazi ya baba: kistari. Safu ya 7, mtoa taarifa: Ann Holt, alama ya X, "present at the birth". Safu ya 8, tarehe ya kusajili, ni siku 40 baada ya kuzaliwa.

Kila kipande kinasema kitu. Mama ana jina moja la ukoo bila neno "formerly", maana yake hajawahi kuolewa. Ingekuwa "Mary Holt, formerly Baker", angekuwa ameolewa na Holt, au anadai hivyo. Ingekuwa "Mary Jones, late Holt, formerly Baker", angekuwa Baker kwa kuzaliwa, akaolewa na Holt, na sasa ni Jones. Ann Holt alikuwepo mtoto akizaliwa: huenda ni bibi, na nyumba ya safu ya 1 ikiwa ndiyo anwani yake, mama alirudi kwao kujifungua, kwa hiyo mimba huenda ilitungwa kwingine, pengine kwenye utumishi wa ndani. Siku 40 zipo ukingoni mwa siku 42 zilizoruhusiwa bila malipo. Tena kuna jina la kati la mtoto, ambaye kwa ukoo ni Holt kama mama yake. Ashworth si jina la kwanza la kawaida, ni jina la ukoo. Mama aliyezuiwa kumpa mtoto jina la baba kwenye safu ya 4 alilipenyeza kwenye safu ya 2. Ni dalili nzuri kuliko zote zilizomo kwenye cheti, na hutokea mara nyingi. Usiifanye ushahidi kabla hujahakikisha Ashworth si jina la ukoo alilozaliwa nalo Ann, la mkunga, au la tajiri wa mtaa.

Kujua kistari kina maana gani, jua mwaka. Kati ya 1837 na 1875 utaratibu haukuwa mmoja. Sheria ilisema si lazima kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa, na katika miaka ya mwanzo wasajili wengine waliliandika kwa neno la mama tu. Ukikuta jina la baba kwenye cheti cha 1840 cha mama asiyeolewa, hilo ni dai lake. Baba huenda hakuwa chumbani wala hakujua. Kuanzia 1 Januari 1875, kwa sheria ya 1874, jina la baba asiyemwoa mama liliandikwa tu kwa ombi la wote wawili, naye akaweka sahihi pamoja na mama kwenye safu ya 7. Kwa hiyo jina la baba baada ya 1875 lina uzito mkubwa, na kistari baada ya 1875 hakikuambii kwamba mama hakumjua baba. Kinakuambia hakuja ofisini. Wazazi wakisaini wote wawili, mtoto huingizwa kwenye faharasa mara mbili, chini ya jina la mama na chini ya la baba, namba za juzuu na ukurasa zikiwa zilezile. Ukiona pacha wa namba hiyo, umempata.

Msomaji wa Kenya ataitambua kanuni hii. Fungu la 12 la Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo lilikuwa na sharti la namna hiyohiyo, kwamba jina la baba liandikwe kwa ombi la wote wawili au kwa ushahidi wa ndoa, mpaka Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipolitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016.

Jambo la mwisho kwenye cheti: tazama kama mtoto alisajiliwa upya. Sheria ya 1926, iliyoanza 1 Januari 1927, ilimhalalisha mtoto ambaye wazazi wake walioana baadaye, ikaruhusu usajili mpya wenye jina la baba. Usajili huo uliwekwa kwenye faharasa ya mwaka uliofanyika, si mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo mtu wa 1915 anaweza kuonekana 1928. Mwanzoni ilihitajika kwamba wakati wa kuzaliwa mtoto hakuna mzazi aliyekuwa na ndoa na mtu mwingine. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1959.

Hatua ya 3: Karatasi za pesa, kabla ya 1834

Hapa ndipo tija ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Tangu karne ya 16 kila parokia ililazimika kulisha maskini wake kwa kodi ya waliokalia ardhi na nyumba. Mtoto wa mama asiyeolewa alikuwa mzigo unaotazamiwa, na walipa kodi walitaka mtu mmoja autue begani mwao. Sheria ya 1576 iliwapa mahakimu wawili uwezo wa kuamuru wazazi walipie. Ya 1733 ilikwenda mbali zaidi: mwanamke akimtaja baba kwa kiapo, hakimu angeweza kuagiza mwanamume akamatwe na kuwekwa ndani mpaka atoe dhamana. Mchakato huo uliacha msururu wa karatasi, na kila moja inaweza kuwa imesalia hata kama nyingine zote zimepotea.

Ya kwanza ni uchunguzi, "bastardy examination". Mama anahojiwa chini ya kiapo, kabla au baada ya kujifungua. Anasema lini, wapi, na nani. Karatasi hii ndiyo yenye sauti yake: nyumba aliyokuwa akitumikia, mwezi, wakati mwingine hata mahali walipokutania. Ya pili ni hati ya kumkamata baba, yenye kazi yake na parokia yake. Ya tatu ni dhamana, "bastardy bond". Ya nne ni amri ya matunzo ya mahakimu wawili, yenye kiasi cha gharama za uzazi na kiasi cha kila wiki, mara nyingi shilingi moja na ushee hadi mbili (shilingi moja peni 12, pauni moja shilingi 20). Ya tano si karatasi bali ni daftari: hesabu za wasimamizi wa maskini, "overseers' accounts", ambamo kila malipo yaliingia. Msako ukikwama kwenye nne za mwanzo, usiache daftari. Lina mistari ya aina ya "received of" fulani "for his bastard", mwezi baada ya mwezi, na malipo yakikoma ghafla unajua baba alikufa, alitoroka, au mtoto alikufa.

Dhamana inahitaji kusomwa kwa makini. Ina sehemu mbili. Ya juu ni ahadi: watu wawili au watatu wanajifunga kulipa kiasi kikubwa, tuseme pauni 40, iwapo watakiuka. Ya chini, inayoanza na "The condition of this obligation", ndiyo inayosimulia: mwanamke fulani amesema ana mimba, na fulani ndiye baba. Wanaosoma haraka hukamata majina ya juu na kumfanya mdhamini kuwa baba. Mdhamini mara nyingi ni baba yake baba, kaka, au mwajiri. Soma masharti kwanza, kisha mhifadhi mdhamini, kwa sababu yeye ndiye atakayekuonyesha ukoo wa baba pale jina likiwa John Smith.

Jinsi ya kuzipata:

1. Fungua katalogi ya Discovery ya The National Archives, ambayo inakusanya pia orodha za ofisi nyingi za kaunti. Andika jina la ukoo la mama na neno "bastardy". Kisha jina la parokia na neno hilohilo bila jina la mtu.
2. Fungua katalogi ya ofisi ya kaunti yenyewe. Nyingi zina maelezo marefu kuliko yaliyofika Discovery.
3. Usipopata jina, tafuta kundi. Karatasi za parokia huwekwa chini ya "overseers of the poor", na makundi mengi hayajaorodheshwa jina kwa jina. Itabidi uombe sanduku zima, au umlipe mtafiti wa pale afungue.
4. Tazama miezi sita kabla ya kuzaliwa hadi mwaka mmoja na nusu baada.
5. Tazama pia Quarter Sessions, mahakama ya kaunti iliyokaa mara nne kwa mwaka. Baba aliyekata rufaa au aliyetoroka yupo huko.

Kinachowapoteza watu zaidi hapa ni parokia. Karatasi haipo lazima pale mtoto alipozaliwa. Mtoto wa nje ya ndoa alipata haki ya kutunzwa katika parokia aliyozaliwa, kwa hiyo wasimamizi walihangaika kumwondoa mwanamke mwenye mimba kabla hajajifungua ndani ya mipaka yao. Angeweza kubebwa kwenye mkokoteni akiwa na mimba ya miezi minane akapelekwa parokia ya asili yake. Ukikuta ubatizo parokia A na mama hajulikani pale, tafuta "removal order", yaani amri ya kumwondoa, na "settlement examination", mahojiano ya kujua parokia yake ya asili, kisha fuata parokia aliyotoka. Huenda baba yupo huko.

Pia zipo parokia ambazo karatasi zake zote zilichomwa au ziliozea mnarani. Na baba mwenye uwezo angeweza kulipa kitita kimoja akamaliza shauri bila dhamana. Kukosekana kwa karatasi hakusemi lolote kuhusu baba.

Hatua ya 4: Baada ya 1834

Sheria mpya ya maskini ya 1834 ilimtupia mama mzigo wote. Kumfuata baba kuliachiwa maofisa, kulihitaji ushahidi wa ziada mbali na kiapo cha mama, tena mbele ya Quarter Sessions. Karatasi zinapungua ghafla, na mtoto wa 1835 hadi 1844 ni mgumu kuliko wa 1790. Mwaka 1839 mashauri yalishushwa kwenye mahakama ndogo, yakasogea kidogo.

Mwaka 1844 mambo yaligeuka: mama mwenyewe ndiye aliyekwenda mahakama ndogo, "petty sessions", kumshtaki baba. Akishinda alipata hadi shilingi mbili na nusu kwa wiki, na sheria ya 1872 ikapandisha kiwango cha juu kuwa shilingi tano. Madaftari ya mahakama hizi yamesalia kwa viraka. Badala yake kuna magazeti ya mji, ambayo waandishi wake waliyapenda mashauri haya kupita kiasi. Kwenye British Newspaper Archive tafuta jina la mama, kisha jina la kijiji pamoja na "affiliation", "bastardy" au "paternity", mwaka mmoja tangu kuzaliwa mtoto. Mashine husoma vibaya herufi za zamani, kwa hiyo jaribu pia jina bila herufi moja. Habari yenyewe mara nyingi ni mistari minne: mama, baba, kazi yake, kiasi.

Mama aliyejifungulia nyumba ya maskini, "workhouse", huacha alama kwenye daftari la kuingia na kutoka, na kwenye mihtasari ya vikao vya wasimamizi wa muungano wa parokia. Kwa London, mama aliyempeleka mtoto Foundling Hospital, nyumba ya kulelea watoto wasio na wa kuwatunza, katika karne ya 19 alitakiwa kueleza katika ombi lake baba ni nani na amekwenda wapi. Maombi hayo yapo The London Archives, na yanasomeka kama mahojiano.

Hatua ya 5: Ushahidi wa pembeni

Cheti cha ndoa cha mtoto mwenyewe, kuanzia 1837, kina safu ya baba yake. Ni cha kwanza kutafutwa na cha mwisho kuaminiwa. Mbele ya wakwe, bwana harusi alimwandika babu yake mzaa mama, baba wa kambo, au mtu wa kubuni mwenye jina la kwanza la baba wa kweli na jina la ukoo la mama. Hasa hilo la mwisho: "James Holt, fundi" asiyepatikana kwenye sensa yoyote huenda kwa kweli ni James Ashworth, fundi. Kazi iliyoandikwa huwa ya kweli mara nyingi kuliko jina.

Sensa, tangu 1841 hadi 1921, zinaonyesha mtoto alilelewa na nani. Ile ya 1841 haitaji uhusiano kabisa. Kuanzia 1851, angalia mtoto aliyeitwa mwana wa mwanamke wa miaka 49: huenda ni mjukuu. Neno "son-in-law" kwa mtoto wa miaka saba maana yake ni mtoto wa kambo. Hapa ndipo unampima yule mume wa baadaye. Akimwita mtoto "son" katika sensa tatu mfululizo na mtoto akatumia jina lake maisha yote, uwezekano unapanda. Akimwita wa kambo, muondoe.

Wosia nao usiuruke. Mtoto wa nje ya ndoa hakurithi chochote baba akifa bila wosia, kwa hiyo baba aliyetaka kumwachia kitu ilibidi amtaje wazi: "my natural son", au jina la mtoto pamoja na la mama. Tafuta wosia wa kila mtuhumiwa, na wa baba yake pia.

Hatua ya 6: Kupima vinasaba

Kipimo hakitoi jina. Kinakuambia kama jina ulilopata kwenye karatasi linasimama. Kipimo cha Y, yaani cha kromosomu ambayo mwana huirithi kwa baba, kinafaa tu kama kuna mwanamume hai aliyeshuka kutoka kwa mtoto yule kupitia wanaume watupu. Kwa wengine wote tumia kipimo cha kawaida cha ukoo, na umpime mzee kuliko wote aliye hai kwenye tawi hilo, kwa kuwa kila kizazi kinapoteza nusu.

Tuseme baba asiyejulikana ni baba wa babu yako. Wajukuu na vitukuu wake kupitia watoto wake wa ndoa ni ndugu zako wa nusu, mnaoshiriki yeye tu bila mkewe. Kitukuu wake wa daraja lako atakuwa na wastani wa sentimogani 120 hivi (kipimo cha vinasaba mnavyoshiriki) pamoja nawe, wakati binamu wa pili kamili ana kama 230. Tenga kwanza wote wanaolingana nawe kupitia ndugu unaowajua. Waliobaki, wenye kulingana wao kwa wao, jenga miti yao mpaka ikutane kwenye mume na mke mmoja. Kisha orodhesha wana wao waliokuwa na umri unaofaa na waliokuwa karibu na mama siku 266 kabla ya kuzaliwa mtoto. Ukibaki na ndugu wawili, vinasaba vya kizazi cha mbali haviwatenganishi kirahisi. Unarudi kwenye karatasi: nani alikuwa jeshini, nani alikuwa ameajiriwa shamba lilelile na mama. Unaowaandikia ujumbe wanaweza kuwa hawajui lolote kuhusu mzee wao, kwa hiyo anza kwa kuuliza, usianze kwa kutangaza.

Scotland kwa kifupi

Usajili ulianza 1855, na huko pia baba asiye mume alisaini pamoja na mama ndipo aandikwe. Tazama pembeni mwa ingizo: mama akishinda kesi ya ubaba baadaye, kuna kumbukumbu inayoelekeza kwenye Register of Corrected Entries, ambako baba ametajwa. Kabla ya hapo, mabaraza ya wazee wa kanisa, "kirk session", yaliwahoji wazinzi kwa majina. Picha za mihtasari yake zipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople.

Namna ya kumwandika

Usimweke baba kwenye mti wa ukoo kwa wino uleule wa wengine. Mbele ya jina lake andika limetoka wapi: kiapo cha mama, sahihi yake mwenyewe, jina la kati, gazeti, vinasaba. Andika namba ya karatasi kama ilivyo kwenye katalogi na jina la ofisi, si anwani ya tovuti tu, maana tovuti huhama. Programu nyingi za ukoo zina nafasi ya uhusiano usiothibitishwa. Itumie, la sivyo baada ya mwaka mmoja miti ya watu wengine 30 itakuwa imenakili dhana yako, na utakapoitafuta upya utaikuta huko ikionekana kama ushahidi.